Kitabu Chenye Uzi Mwekundu

Saa tano asubuhi jijini Barranquilla hakuna mtu anayetembea upande wa jua kwa hiari yake. Ndiyo maana siku ile kivuli chote cha barabara ya Paseo Bolívar kilikuwa kimeshonana watu: wauza maembe mabichi na chumvi, wauza soksi, wauza dakika za simu waliozifunga simu zao kwa minyororo kama mbwa, na bwana mmoja mwenye spika akiisifia sumu yake ya panya utadhani ni dawa ya kikohozi. Katikati ya msukumano huo akapita Nubia Charris, mkutubi wa Sekondari ya Santa Rufina. Alivaa gauni la kijani lenye vifungo mbele, nywele kazibana juu, na kifuani kakumbatia boksi la viatu.

Mwenye mkokoteni wa nazi akampiga kumbo. Boksi likaruka. Vikadi sitini vikatawanyika chini ya meza za wapiga chapa, wale wanaokaa chini ya miavuli nje ya ofisi za serikali na taipureta zao, wakiandikia watu maombi, mikataba, malalamiko, na mara mojamoja barua za mapenzi.

"Usikanyage hicho!" akapiga kelele Nubia.

"Sikanyagi, nasoma." Aliyejibu alikuwa mwanaume mrefu mwenye shati jeupe la mikono mifupi lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na viatu vyeupe ambavyo katika vumbi lile ni watu wawili tu huvivaa, mwendawazimu au mwenye kujiamini. Aliinua kikadi kimoja. "'Riwaya inayochunguza hali ya jamii ya pwani.' Mama yangu! Nani atasoma hiki, bibie?"

"Wanafunzi wangu."

"Walikukosea nini?"

Nubia akataka kukasirika, akashindwa. Akapiga magoti kuokota, na yule mwanaume naye akapiga magoti na viatu vyake vyeupe, na hapo chini ya meza akaelezwa habari yote. Kwamba shule ilikuwa imepokea vitabu vipya kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Kwamba alitaka kuvifunga vyote kwa karatasi ya kaki, mwanafunzi asione jalada wala jina, achague kwa kusoma kikadi kilichoning'inizwa nje. Na kwamba vikadi lazima vipigwe chapa, kwa sababu watoto wanazijua hati za walimu wote, na wakiona hati ya mwalimu wa hesabu hawagusi.

"Hapo umetumia akili," alisema mwanaume. "Mimi ni Wilfrido Ospino. Lakini haya maneno siyapigi chapa, yatanikosesha wateja. Hiki kitabu ndani kina nini? Sema kama unamwambia jirani."

"Kuna... kuna bibi harusi anayetoroka. Na kaka zake wanamsaka mto mzima. Na mbwa anayejua alikojificha."

"Ona sasa! Mbwa anajua na ulikuwa umemficha!"

Akavuta kiti cha wateja amkalishe. Kwenye mashine kulikuwa na karatasi ya mtu, nusu imeandikwa, na Nubia kwa mazoea ya kazi yake akanyoosha shingo kusoma. Wilfrido akaifunika kwa kiganja.

"Samahani, malkia. Anayekaa kiti hiki, maneno yake yanaishia hapa. Hata akiwa adui yangu. Hata akiwa mama yangu."

Nubia akacheka, na sisi tunaomjua tunasema hapo ndipo alipompenda. Si kwa viatu, si kwa mdomo. Kwa kile kiganja.

Tulijua sababu, maana midomo ya watu ilimwumiza mapema. Nubia alikuwa na miaka kumi na minne mtaa wa Barrio Abajo ulipogundua kwamba baba yake ana nyumba ya pili kule Soledad, na watoto, na kuku. Nasema ulipogundua, lakini mtaa ulijua miaka kumi na moja. Waliokuwa hawajui ni Nubia na mama yake. Mama Ceferina alikwenda hadi mlangoni kwa yule mwanamke kumuuliza, kamshika binti yake mkono, na yule mwanamke akacheka mpaka majirani wakatoka na vikombe vyao vya kahawa. Tangu siku ile Nubia aliogopa kitu kimoja tu duniani, kuwa wa mwisho kujua.

*

Taipureta ya Wilfrido ilikuwa ya zamani, na herufi yake ya o ilikuwa kali kama kisu. Ilitoboa karatasi. Ukikiinua kikadi kwenye mwanga unaona vitundu vidogo vya duara vikipitisha jua, na wanafunzi walipenda mchezo huo, wakiviinua mbele ya dirisha kabla ya kuchagua. Ndani ya siku tatu, vitabu arobaini na moja vilikuwa vimetoka.

"Wanakuja kwa ajili ya kiyoyozi," Nubia alimwambia kwenye simu. Maktaba ndiyo ilikuwa chumba pekee chenye ubaridi shuleni, na joto la pwani lilimpa wasomaji wengi kuliko wizara yoyote.

"Waje kwa kiyoyozi, watoke na bibi harusi. Wewe ulikuja kwangu kwa vikadi, ukatoka na nini?"

"Na vumbi magotini."

"Tu?"

"Wilfrido, niko kazini."

"Nimeuliza tu, malkia. Mteja lazima afuatiliwe."

Alhamisi ikawa siku yake. Alifunga mwavuli wake mapema, akapanda hadi shuleni, akawasomea watoto kwa sauti. Alisoma kama mtu anayesimulia ugomvi alioushuhudia mwenyewe. Kwenye sehemu ya kutisha alinong'ona, na watoto arobaini walimsogelea mpaka wale wa mbele wakamkalia viatu. Mama Ceferina naye alikuja kila Alhamisi na mtungi wa juisi ya matunda ya corozo, kajifunga kilemba cha maua, akasaidia kufunga vitabu. Alipopita getini, Mzee Toribio mlinzi alisimama na kuvua kofia, heshima ambayo hata mkuu wa shule hakuwahi kuipata.

Mzee Toribio alikuwa mjane, mkimya, na mpenda vitabu. Aliwahi kumwendea Nubia aombe kuazima kimoja. Nubia akamwonyesha kibao ukutani: WANAFUNZI NA WALIMU TU.

"Sheria ni sheria, mzee wangu. Nikimpa mlinzi, kesho atakuja mpishi."

"Na mpishi akija, binti yangu, vitabu vitaisha maneno?" aliuliza mzee kwa upole, akarudi kwenye kibanda chake.

Nubia alikuwa hivyo. Mchelewaji kurudisha kitabu alimbandika jina kwenye ubao, awe mtoto au mwalimu. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake kwenye mfuko wa nyuma, jina la aliyeazima, na muhuri wa tarehe ya kurudisha. Wiki mbili, na siku moja zaidi usithubutu.

Jioni Wilfrido alikuja nyumbani. Kwetu mwanaume akikusudia jambo haji gizani. Anakuja jua likishuka, anakaa kwenye kiti cha kubembea barazani, mtaa mzima unamhesabu anavyobembea. Wiki ya tatu tulikuwa tumeshamhesabu vya kutosha. Wanawake wa upande wa pili walianza kuuliza rangi ya gauni la harusi.

"Mama, huu uzi mwekundu wa nini?" Nubia aliuliza jioni moja, akiwa ameshika kitabu kilichofungwa tayari. Vingine vyote vilikuwa na katani.

"Katani imeisha," alijibu Mama Ceferina bila kuinua macho.

Asubuhi yake Mwalimu Osiris akakichukua hicho hicho. Mwanamke huyo alifundisha ngoma: midomo myekundu, miguu isiyoisha, kicheko kinachosikika mpaka uwanjani. Wala hakusoma kikadi. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzi mwekundu, akaandika jina lake kwenye kadi, akaondoka anacheza.

*

Kitabu kilirudi baada ya wiki mbili kamili, Alhamisi, Osiris akikikimbiza mezani kengele ya mchana ikilia. "Usinibandike ubaoni, mpenzi!" akasema, akapotea. Nubia akatoa kadi ili agonge muhuri, na karatasi iliyokunjwa ikaanguka mezani.

Aliifungua kama angefungua risiti.

*Kila nikiingia geti la shule hii, moyo wangu unanitangulia. Nangoja siku nitakayopata ujasiri wa kukaa nawe barazani watu wakituona. Mpaka hapo, nitafute ukurasa wa arobaini na mbili.*

Hakukuwa na jina. Lakini Nubia aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kila palipokuwa na o pakapenya tundu la jua.

Akakaa chini. Akaisoma tena kadi ya nyuma. Jina lilikuwa moja tu, kwa wino wa zambarau: Osiris Pacheco. Nani huingia geti la shule asiyekuwa wa shule? Nani huja kila Alhamisi? Kwangu anabembea barazani, akawaza, na kwake anangoja ujasiri. Mimi ni baraza. Yule ndiye moyo.

Angeweza kumwuliza Osiris. Mlango wa chumba cha ngoma ulikuwa hatua ishirini. Lakini aliuona tena ule mlango wa Soledad na majirani wenye vikombe vya kahawa, na aliwahi kuapa kwamba swali lile hataliuliza kwa mwanamke yeyote.

Saa nane Wilfrido akaingia, shati limepigwa pasi, akamtupia jicho la kuchokoza, akakaa katikati ya watoto. Alisoma nusu saa. Nubia alisimama nyuma ya meza yake akiwa hasikii neno. Alipomaliza, na watoto wakipiga makofi, akamwendea.

"Wasomee na hii."

Wilfrido akaipokea karatasi anatabasamu. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Umeitoa wapi?"

"Soma kwa sauti. Si ndiyo kazi yako?"

"Hii siisomi."

"Ni mashine yako?"

"Ni mashine yangu."

"Nani kaipiga?"

"Nimeipiga mimi." Watoto wakaguna wote pamoja. Kiyoyozi kilivuma. "Nubia, twende nje tuongee."

"Hapahapa. Nimechoka kuambiwa mambo nje baada ya wote kujua ndani. Ya nani?"

"Maneno si yangu. Hilo nakuapia."

"Ya nani, Wilfrido?"

Alimtazama, na sisi tuliosimuliwa na watoto arobaini, kila mmoja kwa namna yake, wote tulisimuliwa hivi: aliifunika ile karatasi kwa kiganja. Kisha akasema, "Unajua siwezi."

"Basi toka. Na usirudi kuwasomea watoto wa watu maneno ya mapenzi, mwongo wewe."

Wilfrido akaweka alama kwenye kitabu alichokuwa anasoma, akakilaza mezani polepole. Karatasi akaikunja, akamrudishia mikononi. Akatoka. Getini Mzee Toribio alimfungulia, akamuuliza kama jua limemchoma, maana rangi ilikuwa imemtoka.

Kabla jioni haijafika habari ilikuwa imepita kwenye maduka yote mpaka mtoni.

*

Wilfrido alipiga simu siku hiyo mara saba. Siku ya pili mara tano. Siku ya tatu Nubia akapokea.

"Niambie jina moja tu," alisema hata kabla ya salamu. "Jina moja, na mimi nitakuomba msamaha mbele ya yeyote unayetaka."

"Siku ulipokuja na boksi lako, ulitaka kusoma karatasi ya mtu. Nikaifunika. Ulicheka."

"Nilikuwa mjinga."

"Mimi sijabadilika, malkia."

"Usiniite malkia. Jina, Wilfrido."

Kelele za mjini zilisikika kwenye simu, yule bwana wa sumu ya panya na spika yake. "Aliyeandika akiniruhusu, nitakwambia. Nimekwenda kumwomba. Akalia tu. Nifanyeje mimi?"

"Akalia," alirudia Nubia. "Maskini. Mbembeleze basi." Akakata.

Baada ya hapo simu haikulia tena, na hilo likamuuma kuliko milio yote.

Alhamisi iliyofuata alisoma yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme. Watoto walimvumilia kwa sababu ya kiyoyozi. Vitabu vilivyobaki kwenye rafu aliviandikia vikadi kwa mkono wake. Mvulana mmoja akakiinua kimoja dirishani kwa mazoea, hakuona tundu hata moja, akakirudisha. "Seño," akauliza, kama wanavyomwita mwalimu wa kike, "yule wa mashine anarudi lini?" Nubia akamwambia anyamaze, hapa ni maktaba.

Osiris akimsalimia, alipita kama anayepita nguzo.

Nyumbani Mama Ceferina alimpikia ndizi mbichi za kukaanga na jibini, sahani ikarudi ilivyokwenda. Alimketisha kitandani akamchana nywele kama mtoto. Mara mbili alisema, "Mwanangu, kuna jambo..." na mara mbili Nubia akasema, "Mama, tafadhali, leo sitaki kusikia neno juu ya wanaume." Mara ya tatu mama alitoka akakaa barazani, kiti chake kinabembea na cha pili tupu, na tuliompita tulimwona anasali au anajilaumu. Kwa mbali havina tofauti.

Halafu habari ikaja kutoka mjini, kama zinavyokuja zote, kupitia kwa muuza soksi. Wilfrido anaondoka. Ana dada yake anayeishi Santa Marta. Mwavuli na nafasi yake anamwachia mwenzake kuanzia Jumatatu.

*

Ijumaa ya wiki ya Mapenzi na Urafiki, shule nzima ilinuka chokoleti. Kila mtu alikuwa na rafiki yake wa siri wa kumwachia peremende. Osiris aliingia maktaba, akafunga mlango kwa kisigino, akasimama mbele ya meza mikono kiunoni.

"Sasa tuongee. Siku tisa hunisalimii. Mimi si nguzo, mwenzangu, nguzo haina kiuno hiki. Kama ni kile kitabu, niliwahi muda, nilikimbia mpaka nikavunja kiatu!"

"Umekuja kunicheka?"

"Kukucheka nini? Sawa, nitasema ukweli, nibandike ubaoni ukitaka. Sijakisoma. Vile sita vyote vilivyo kwenye jina langu sijasoma hata kimoja. Nikifungua kitabu nasinzia, ndivyo Mungu alivyoniumba. Ni vya Mzee Toribio."

Nubia hakuelewa. "Vya nani?"

"Wa getini! Wewe si ulimkatalia? Akaja kwangu kwa aibu, akasema, mwalimu, nichukulie wewe, nikaona ni dhambi kumnyima. Kile cha mwisho, chenye uzi mwekundu alichoniagiza, hata hakukimaliza, masikini. Nilikinyakua kibandani kwake kengele inalia, kwa kukuogopa wewe. Anakililia mpaka leo."

Alipoondoka, Nubia alibaki amesimama. Kitabu kilikuwa bado kwenye kigari cha vitabu vya kurudishwa rafuni. Siku tisa hakuwa na moyo wa kukigusa. Na hapo likampiga jambo ambalo lilimwasha masikio kwa aibu. Alisoma kadi. Alisoma karatasi. Karatasi ilimwambia waziwazi aende ukurasa wa arobaini na mbili. Na yeye, mkutubi mzima, hakufungua kitabu.

Akakifungua. Ilikuwa riwaya ya mwanamke wa miaka sitini anayejifunza kuogelea. Ukurasa wa arobaini na mbili ndipo anapoingia majini na nguo zake zote, watu wa ufukweni wakitazama. Katikati ya ukurasa lilibanwa ua lililokauka, bogenvilia ya rangi ya chungwa.

Barrio Abajo nzima ina bogenvilia za zambarau. Ya chungwa iko moja. Mama Ceferina aliipandikiza mwenyewe, uani kwake, nyuma ya jiko.

Nubia akafunga maktaba saa nane mchana, siku ya kazi, watoto wakiwa mlangoni wamepigwa na butwaa.

*

Mama yake alikuwa barazani anamenya mbaazi kwenye sinia. Nubia hakumsalimia. Aliliweka lile ua juu ya mbaazi.

Vidole vya Mama Ceferina vikasimama. "Ukurasa gani?"

"Wewe unaujua."

"Yule kijana nilimwapisha," alisema mama. "Usimlaumu. Alinijia mara mbili, akaniomba nimfungue mdomo. Nililia kama mtoto. Nikamwambia bado."

"Siku tisa, mama! Siku tisa unanichana nywele, unaniona ninavyokwisha!"

"Nilikuwa naanza, unanikatiza."

"Ungenipigia kelele! Ungenitupia sahani!"

"Ningekwambia nini?" Sasa sauti ya mama ilipanda, na madirisha ya upande wa pili, nakiri, yakafunguka kidogo. "Tulipotoka Soledad siku ile, umenishika mkono, ulisema mwanamke anayependa tena baada ya aibu hii hana akili. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nikasema ni mtoto, ataacha. Hukuacha. Umelisema mpaka mwaka huu, mezani hapa, ukila chakula changu."

Nubia akarudisha macho kwenye lile ua.

"Na mtaa huu," mama akaendelea, akipunguza sauti, "ulijua mambo yangu kabla yangu. Miaka kumi na moja. Nilitaka safari hii niwe na kitu kimoja ambacho hakuna anayekijua isipokuwa mimi. Kidogo tu. Cha kukunja na kuweka kitabuni. Hati yangu unaijua, ndiyo maana nikaenda kwa mpiga chapa. Na nilikwenda kwake kwa sababu nilimwona ni mtu anayefunga mdomo. Si hata wewe ulimpendea hicho?"

Kiti cha kubembea kililia mara moja, kikatulia. Nubia alikaa kwenye kile cha pili. Kwa muda mrefu walimenya mbaazi wote wawili, bila kutazamana, maganda yakianguka miguuni.

"Sijakusamehe bado," alisema Nubia.

"Usinisamehe leo. Leo huna muda. Ijumaa wapiga chapa wanafunga saa kumi."

Nubia akanyanyuka, akakung'uta gauni. Ngazini akageuka. "Mwambie Mzee Toribio Alhamisi aje na kitambulisho chake. Nitamfungulia kadi."

Mama Ceferina akainamia sinia ili asionekane uso. Tulimwona.

*

Wilfrido alikuwa ameshakunja nusu ya mwavuli. Nubia akapita kati ya wauza maembe, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha wateja, akakaa, mkoba mapajani.

Wilfrido alimtazama. Macho yalikuwa yamemwingia ndani, na viatu vyake safari hii vilikuwa vya kawaida, vyeusi. "Barua au maombi?" aliuliza, kwa sauti anayompa mtu yeyote.

"Barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mpiga chapa mmoja. Jina lake analijua."

Akaingiza karatasi. Akanyoosha vidole. "Nakusikiliza, bibie."

"Andika hivi. Nilisoma kadi, nikasoma karatasi, kitabu sikufungua." Mashine ikagonga. "Nilikuita mwongo mbele ya watoto, kwa sababu ulitunza kitu ambacho si chako. Nilikupendea hicho, kisha nikakuadhibu kwa hicho hicho."

"Taratibu. Mashine ni nzee."

"Sitakuuliza tena jina la mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti hiki. Hata akiwa adui yangu." Akavuta pumzi. "Hata akiwa mama yangu."

Vidole vya Wilfrido vikaganda juu ya herufi. Pembeni, mashine moja ikanyamaza, ikafuata ya pili, mpaka mstari wote wa miavuli ukawa kimya, wapiga chapa wote wakijifanya wanatafuta wino.

"Unajua ni nani," akasema chini chini.

"Mimi? Sijui chochote."

Hapo akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akarudi kwenye mashine. "Kuna jingine?"

"Alhamisi mlango uko wazi. Watoto wamechoka na sauti yangu. Nitawaambia mimi mwenyewe kwamba nilikosea, kabla hujakaa. Basi."

Wilfrido akaitoa karatasi, akampa asaini. Kisha akaichukua, akaisoma yote kana kwamba si yeye aliyeipiga. Hakutabasamu.

"Uliniumiza, Nubia. Nilipotoka pale, mtoto mmoja mdogo aliniangalia kama mwizi."

"Najua."

"Na keshokutwa tena? Nikifunika karatasi nyingine?"

"Nitaogopa," alisema Nubia. "Sikudanganyi. Nitaogopa, nitakaa nao uoga wangu, na sitakuuliza."

Yule bwana wa sumu ya panya, sijui kwa nini, alikuwa amezima spika. Kisha Wilfrido akavuta mtoto wa meza, akatoa kikadi kitupu, kilichobaki alipovipiga chapa vile vya boksi la viatu. Akakiingiza kwenye mashine, akapiga mistari mitatu bila kuinua kichwa, akamsukumia.

*Mwanaume, miaka thelathini na sita. Mdomo mwingi, ila yasiyo yake hayasemi. Haazimwi kwa wiki mbili, anayemchukua asimrudishe.*

Nubia akakiinua kwenye jua la saa kumi. Katika kila o mwanga ukapita, ukamdondokea usoni.

"Nasaini wapi?" aliuliza.

"Nyuma. Kama kadi yoyote ya maktaba."

Akakigeuza. Akaandika jina lake lote, Nubia Ester Charris, kwa hati ile ambayo kila mtoto wa Santa Rufina anaijua na kuikimbia. Chini yake, kwa mazoea ya miaka, akaanza kuandika tarehe ya kurudisha, kalamu ikagusa karatasi. Akaiinua. Nafasi ile akaiacha tupu.